Boga Chini ya Neti

Jumatatu, 5 Mei
Maboga yameanza kutoa maua. Maharage nayo yamechangamka. Mwaka huu boga la kwanza kwenye mnada wa mavuno kanisani litakuwa langu. Mwaka jana nilipeleka mayai matatu, mzee wa kanisa akayanadi kwa kunionea huruma. Sitaki huruma.
Jirani yangu Ndeshi amekuja kuomba chumvi. Akalinyooshea kidole boga langu changa, eti dada, hili litakuwa kubwa. Huku Meru nani asiyejua kuwa boga changa likinyooshewa kidole linaoza? Chumvi nimempa ile ya chini ya kopo, yenye mawe.

Alhamisi, 8 Mei
Limeoza. Nimefungua neti ya kitanda cha Brenda, mjukuu wangu, nikafunika bustani. Kidole hakipiti kwenye neti. Brenda kauliza nyuki watayafikiaje maua. Nimemwambia nimekula maboga miaka sabini bila kumwomba nyuki ruhusa. Hawa watoto wa sekondari!

Ijumaa, 23 Mei
Maboga machanga saba yamedondoka. Maharage yamezaa hadi raha, kwa hiyo neti haina kosa. Ni Ndeshi, ananyooshea akiwa mbali. Nimeongeza neti yangu juu ya ile ya kwanza. Brenda anajikuna, mbu wamemla. Nimemwambia avumilie, ni kwa ajili ya kanisa.

Jumanne, 10 Juni
Tawi moja la boga limetoroka chini ya neti, likapenya uzio mpaka kwa Ndeshi. Huko limezaa. Moja. Ndeshi kalitandikia majani makavu lisiguse matope. Nikamuuliza nani kamtuma. Akacheka, akasema hakuna, dada. Huyo ana lake. Brenda akasema naona bibi, huko nyuki wanafika. Nimempa maharage achambue.

Jumapili, 20 Julai
Mnada. Boga lenyewe dogo kama kichwa cha mtoto, lakini limenadiwa la kwanza. Ndeshi alinyoosha mkono na hakuushusha mpaka wenzake wakachoka. Kalinunua. Nje akanishika bega, akasema twende tukalipike wote. Nimekwenda, maana asingejua kulipika. Tamu kweli. Tumelimaliza na Brenda, na mbegu zote Ndeshi akanirudishia.
Hapo ndipo nimemjua. Anataka nipande tena apate cha kunyooshea.
Kesho nanunua neti kubwa, itakayofika mpaka upande wake wa uzio.