Koti la Dhahabu Lililopokelewa na Mhusika

Jumatatu, 8 Juni 2015

Nimeibiwa! Na mwizi ni mimi.

Ndivyo simu inavyosema. Asubuhi nimepanda kichuguu cha nyuma ya choo, mahali pekee hapa Kwedizinga ambapo intaneti yangu hukubali kufunguka, nikaangalia safari ya mzigo wangu. Wiki nzima imekuwa ikiandika kwamba mzigo uko njiani. Leo kuna alama ya kijani na maneno: "Umepokelewa na mhusika." Mhusika ni mimi. Nikajikagua. Kaptura ipo. Singlendi ipo. Kandambili zipo. Koti hakuna.

Na si koti tu. Ni koti la dhahabu, vimetameta kuanzia kola mpaka pindo. Kwenye picha, aliyelivaa amefumba macho mwenyewe.

Jumamosi hii Mzee Ramadhan anamwoza binti yake Hajira. Ndiyo wiki ya mwisho ya harusi kabla ya mfungo, nusu ya wilaya itakuwa pale. Anatafuta MC. Kwa sauti hakuna wa kunikaribia. Kwa mavazi, jirani yangu Bonaventura ana suti nyeupe, na Mzee Ramadhan ameshasema wazi kwamba mwaka jana aliletewa MC mwenye jezi ya mpira, mwaka huu anataka mtu anayeonekana. Nikipata harusi hii, zote za baada ya Idd ni zangu. Nikiikosa, nitabaki kuwa Mhina wa Kware mpaka nazikwa.

(Kware: sitaki kueleza. Walisema mayai yake yanatibu kila kitu. Walionunua kwangu ni mimi na Mwaija, na tulikuwa wazima.)

Shida ni kwamba Mwaija, mke wangu, aliapa siku tulipomla kware wa mwisho: mradi mwingine ukianguka, anarudi kwa mama yake Kerenge. Na koti hili nimelilipia kwa beberu wake mwenye sikio jeupe. Yeye anajua beberu yuko kwa Kuntai, Mmasai mwenye bodaboda, ananenepeshwa. Sikudanganya. Yuko kwa Kuntai. Ila ni wa Kuntai.

Tovuti ina ukurasa wa ushauri kwa watu waliofikwa na haya. Kwanza, usiwe na hofu. Nimeshindwa hapo hapo. Pili, waulize watu wa nyumbani kwako. Hawa watu hawana wake? Tatu, waulize majirani. Nne, angalia getini. Sina geti, nina ua wa minyaa. Tano, hakiki namba ya simu uliyojaza. Hilo nimeliruka. Mtu mzima haulizwi kama anaijua namba yake.

Nimechagua majirani. Jirani ni Bonaventura. Kila kitu kinaonyesha kule.

Jumanne, 9 Juni

Nimemwendea Bonaventura kwa mbali, kama mtu anayepita. Nikamsifia mihogo. Nikamwuliza kama siku hizi amepata nguo yoyote mpya, ya kung'aa hivi. Akaniuliza kwa nini nataka kujua, au nimeanza kufua nguo za watu. Akasema nisogee upande wa pili wa upepo, bado nanukia kware.

Mtu asiye na hatia hajibu hivyo.

Jioni akaenda kuangalia mpira. Nikaingia uani kwake kukagua kamba ya nguo. Suti nyeupe ilikuwepo, inakauka. Nilikuwa nimeingiza mkono kwenye mfuko wa suruali, kwa uchunguzi tu, Stefania mke wake akatoka na beseni. Akaniuliza, shemeji, umepotelewa na nini humo ndani ya suruali ya mume wangu?

Akili yangu ni nyepesi. Nikajibu: beberu.

Stefania ni mwanamke mwema. Hakuuliza beberu anaingiaje mfukoni. Alishika kichwa, akasema maskini Mwaija, akaacha beseni, akaenda kumpa pole.

Jumatano, 10 Juni

Kijiji kizima kinamtafuta beberu.

Mimi ndiye kiongozi wa msafara. Sikuwa na la kufanya. Mwaija amelia, watu wameacha mashamba, Mzee Ramadhan mwenyewe ameahirisha kupima mchele wa harusi ili atusaidie kuangalia kwenye korongo. Nimeita "mbeee" mpaka koo limekauka. Koo la MC! Bonaventura aliita mara moja tu, akasema anaitunza sauti yake kwa ajili ya Jumamosi.

Mwaija akauliza, lakini si ulisema yuko kwa Kuntai? Nikasema alitoroka. Akasema basi tumwulize Kuntai alitorokea upande gani. Hapo hapo, Kuntai huyo, juu ya bodaboda, shuka jekundu linapepea. Akazima pikipiki. Akatuangalia sote na matope yetu. Akaniangalia mimi kwa muda mrefu kuliko wengine.

Akasema beberu ni mnyama mwenye mambo mengi, mzee, anaweza kuwa popote.

Nilitamani kumbusu. Akanivuta pembeni, akasema kwao mtu hasemi uongo kuhusu mifugo, amejikaza kwa sababu yangu, na kukaza huko kunachosha. Kungepungua iwapo ningemkodi kwenda mahali mbali. Nikamwuliza kama Korogwe ni mbali ya kutosha. Akasema Korogwe ni mbali nzuri.

Usiku Mwaija amezungumza na mama yake kwa simu kumweleza msiba wa beberu. Ile simu nilimpa mama mkwe mimi Idd iliyopita: simu yangu ya zamani, pamoja na laini yake ndani, sikusumbuka hata kuitoa. Mkwe mwema ni mimi. Mwaija akasema mama anacheka tu, ana furaha ya ajabu, hataki kusema kwa nini. Wazee wana mambo yao.

Jumamosi inakaribia na bado niko kwenye kaptura.

Alhamisi, 11 Juni

Korogwe. Nimefika rangi ya barabara.

Ofisi ya vifurushi iko nyuma ya stendi, na ndani yake yumo Yuditha, dada mwenye miwani na utulivu wa kuudhi. Nikamweleza. Akaangalia kompyuta. Akasema, baba, mzigo huu umepokelewa na mhusika. Nikamwambia mhusika ni mimi. Akasema hongera, basi umepokea. Nikasema sijapokea. Akasema basi wewe si mhusika.

Tulizunguka hapo kwa muda. Kuntai alivuta kiti.

Mwisho nikamtaka aniambie walimtambuaje huyo mhusika. Akasema kwa utaratibu. Mzigo ukifika wanapiga namba iliyojazwa. Mtu akija, wanapiga tena pale pale dirishani. Simu ikilia mkononi mwake, anapewa. Hakuna hitilafu. Na huyu simu yake ililia vizuri sana, kwa wimbo wa kaswida. Ni mama mmoja mtu mzima, mchangamfu, alikuja siku ya gulio na kikapu cha maparachichi. Alifungulia mzigo hapo hapo. Akapiga vigelegele. Akamwombea mwenye kuutuma maisha marefu.

Mwanamke! Nikaelewa yote. Bonaventura ana mama. Wameninakilia laini! Nimesikia kuna vijana mjini wanaweza, wanakaa na kompyuta na namba yako inalia kwingine.

Yuditha akasema jambo rahisi ni kupiga ile namba tumsikie ni nani. Alikuwa ameshanyanyua mkonga wa simu. Nikarukia dirisha, nikamzuia. Mwizi hapigiwi simu, atashtuka, atalificha koti! Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika sitaki apige. Nikasema nina uhakika kabisa. Akaurudisha mkonga taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa.

Njiani Kuntai akaniuliza, mzee, kwani mama wa Bonaventura si alifariki? Nikamwambia aangalie barabara.

Ijumaa, 12 Juni

Baada ya swala ya Ijumaa nimemshtaki Bonaventura mbele ya Mzee Ramadhan, barazani kwake. Nimemwita mwizi wa laini, mnakili wa namba, mtumia marehemu. Bonaventura alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema huyu juzi alikuwa anatafuta mbuzi kwenye suruali yangu, leo anatafuta koti kwa mama yangu kaburini.

Mzee Ramadhan anaumwa kichwa na harusi, hana muda. Akaamua: wote wawili tusherehekeshe. Mhina afungue, ana sauti. Bonaventura amalizie, ana suti. Na mimi nitafute chochote chenye mikono mirefu.

Ushindi! Mwenye kufungua ndiye anayekumbukwa. Nikishika kipaza sauti, kukitoa mkononi mwangu itabidi waite mgambo.

Mwaija ananipigia pasi shati. Amesema mama yake anakuja kesho, bwana harusi ni wa ukoo wao wa Kerenge. Ameniuliza kama hilo halinisumbui. Nikasema linisumbue kwa nini? Mama mkwe atakaa ndani na wazee wa kike, mimi nitakuwa nje. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasimami uso kwa uso. Nikimwona njiani, naingia vichakani mpaka apite. Tumeishi hivyo miaka yote kwa upendo mkubwa. Ana kovu shavuni, naambiwa.

Akasema pia mama ana shukrani anataka kunipa. Sikusikiliza vizuri, nilikuwa nafanya mazoezi ya kucheka kwa bashasha.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika nikiwa stoo ya mahindi.

Nilianza vizuri. Lazima iandikwe. Turubai limejaa, spika zinanguruma, nikasema asalaam aleikum Kwedizinga, wakaitikia mpaka mbwa wakainuka. Nikatoa kichekesho cha kwanza. Walicheka. Hata Mzee Ramadhan alionyesha jino. Bonaventura alikuwa kando na suti yake, anakunja uso. Nikajua maisha yangu yamebadilika.

Ndipo msafara wa bwana harusi ukaingia, na mbele yake kukaingia jua.

Koti langu! Juu ya kitenge, mikono imekunjwa, vimetameta mpaka pindoni. Watu walifunika macho. Nikanyanyua kidole kupiga kelele za mwizi, kipaza sauti kiko mdomoni, nikaangalia uso ulio juu ya kola.

Kovu shavuni.

Mama mkwe hakwenda ndani. Aliwekwa mstari wa mbele, kiti cha heshima, kwa ajili ya lile koti.

Sasa mtu afanye nini? Anapayukaje, anatingishaje kiuno, mbele ya mama mkwe? Niligeuka. Nikaendelea na harusi nikiwa nimeipa kisogo. Niliwatangaza maharusi kwa ukuta wa jiko. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Nikasikia vigelegele vinasogea. Mwaija akanong'ona kwa sauti ya kijiji kizima: mama anakuja kukutunza!

Alikuwa anakuja, anacheza, furaha imemsahaulisha mila, khanga mpya mikononi anataka kunivika. Nikasogea mbele. Akasogea. Nikaingia jikoni. Akaingia kwa vigelegele. Nikaruka sufuria la pilau. Sikuliruka lote.

Kipaza sauti kilibaki kwenye pilau. Bonaventura alikiokota, akakifuta kwenye suti yake nyeupe, akasema mabibi na mabwana, mkwe wetu ametangulia kuonja. Nimesikia kicheko hicho mpaka huku stoo. Mimi sijawahi kukipata kicheko kama hicho.

Kisha akampa mama mkwe aseme. Akasema mkwe wake Mhina ni dhahabu. Akasema alikaa zake Kerenge, simu aliyompa mkwe ikalia, akaambiwa mzigo wake uko Korogwe. Hakumwambia hata Mwaija. Mkwe hakutaka sifa, na yeye akanyamaza mpaka leo. Watu wakapiga makofi. Mwaija akalia kwa furaha.

Halafu Mwaija akaenda nyuma ya jiko kunitafuta, akakuta ngozi za mbuzi wa harusi zimeanikwa. Moja ina sikio jeupe. Kuntai alikuwa amemwuzia Mzee Ramadhan beberu yule tangu Jumapili. Mzee Ramadhan alimtafuta Jumatano nzima kwenye korongo mbuzi aliyekuwa amefungwa uani kwake!

Sasa hivi kuna mtu anagonga mlango wa stoo. Anagonga kama mwenye beberu.

Jumapili, 14 Juni

Mwaija hajaenda Kerenge.

Alikuwa amefunga mzigo. Mama mkwe akamzuia. Akiwa upande wa pili wa ukuta, mimi nimeelekea dirishani kwa heshima, alisema mwanamume anayeuza beberu ili kumvika mama wa mke wake haachwi, anaigwa. Mwaija akaniuliza kupitia mlangoni kama ndivyo ilivyokuwa. Nikatafakari ukweli kwa muda wa kutosha. Nikasema ndivyo.

Amefungua mzigo. Amenipikia makande. Ameniambia wake wa hapa wote wanawasema waume zao kwa sababu yangu.

Bonaventura ameshapata harusi zote za baada ya Idd. Tena anafungua kila moja kwa hadithi ya sufuria.

Nimekaa nikachambua kosa lilikuwa wapi, bila kujionea huruma. Kosa ni la Yuditha. Ofisi nzima, kompyuta, miwani, halafu unamkabidhi mtu koti kwa sababu tu simu imelia mkononi mwake! Nimewaandikia malalamiko makali.

Kisha nikaangalia mbele. Kuna koti la fedha. Ni zuri kuliko lile, na mgongoni lina taa ndogo ndogo zinazowaka. Suti nyeupe itaonekana kama gunia la unga. Mwaija ana majogoo wawili wanaopiga kelele bila sababu, na Kuntai amesema ana nafasi ya kuwanenepesha.

Jioni hii nimepanda kichuguu. Tovuti ikanikumbuka yenyewe, jina langu na kila kitu. Ikaniuliza kwa maandishi mekundu kama namba ya simu iliyopo bado ni sahihi.

Mtandao ulikuwa unakatika, na maswali mengine ni ya kudharauliana tu. Nimebonyeza NDIYO.