Wimbo Wangu Mara Arobaini

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Wiki hii chama cha watunzi kinagawa fomu migahawani na saluni. Kila aliyelipia kibali cha muziki anaandika nyimbo anazopiga. Chama kinahesabu, mtunzi anapata chake. Kwa wakati mwafaka! Mke wangu kasema wimbo niliomtungia usipoleta hata senti kwenye mgao wa Mei, gitaa linauzwa. Bora aniuze mimi.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu imepatikana. Nimemwomba mwenye mgahawa wa kona aupige wimbo wangu mara arobaini kwa siku. Kasema wateja watamkimbia. Nikajitolea kumwoshea vyombo. Nimevunja sahani mbili tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mara arobaini kweli! Fundi viatu, mteja wa kila siku, kaja na pamba masikioni. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Nilikwenda kuichukua fomu niipeleke chamani mwenyewe. Mwenye mgahawa akauliza fomu gani. Hana fomu. Hana kibali! Nikamfokea kwamba watu kama yeye ndio wanaotuua kwa njaa sisi watunzi. Akanikumbusha polepole kwamba ni mimi niliyemfundisha mwaka jana, kwa chai ya bure: mkaguzi akionekana, zima redio. Fundi viatu alitoa pamba ili asikie vizuri. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kalifuta gitaa vumbi. Kashapata mnunuzi, anasubiri Mei tu. Nimelia. Nikasingizia vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Alhamisi, 29 Mei
Nimo kwenye orodha ya mgao! Jina langu kamili! Kwa saluni moja tu, ya msusi wa mke wangu. Huyu dada analipia kibali kila mwaka, na fomu aliijaza wimbo kwa wimbo. Wangu anaupiga kila asubuhi kwa sababu anaupenda. Hakuna aliyemwomba. Pesa yenyewe ya mkate na uzi mmoja wa gitaa. Mke wangu kaimba ubeti wa pili huku akikata mkate, gitaa likarudi ukutani. Sijawahi kufurahi hivi.

Jioni nikaenda kumshukuru msusi. Maskini, analalamika kibali kimepanda bei. Wema hulipwa kwa wema. Nikamnong'oneza: mkaguzi akionekana, zima redio.