Naomba Nisajiliwe Kama Kilima cha Ngome

Kwa Msimamizi wa Kilima cha Ngome,
Al-Sulay, Riyadh.

Mheshimiwa,

Kwanza nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nakionea wivu kilima chako. Mimi ni Velma, Kidato cha Pili hapa Jeddah, binti ya mlinzi wako Dalmas. Alhamisi nitasoma insha mbele ya wazazi wote. Nikimwona baba ukumbini, sauti hutoka. Nisipomwona, haitoki. Nawe umemnyima ruhusa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilima hicho ni udongo uliorundikwa karne nane zilizopita ili ngome ikae juu yake. Ngome ilianguka, kilima kikabaki. Muda wote huo hakijatoroka hata mara moja.

2. Kina ua wa chuma na kibao kinachosema ni mali ya kale iliyohifadhiwa. Baba ana mwavuli.

3. Ikama ya baba, yaani kibali chake cha kuishi hapa, huisha kila mwaka. Kilima hakijawahi kuulizwa ikama.

4. Baba akipiga simu huniuliza, "Umekula?" kisha hunisimulia kilima dakika ishirini. Juzi alisema, "Leo kimeshinda vizuri, mama, hata ufa mafi, yaani hakuna!" Griffins wa darasani kwetu alisikia, akacheka: "Yaani babako analinda mchanga, hapa Saudia? Anaogopa utaisha?" Jibu nililipata baada ya siku mbili, nikiwa naoga.

Kwa hiyo naomba kilima kipewe likizo. Ikishindikana, kihamishiwe Kandara, hapa hapa Jeddah, karibu na kwetu. Nimepiga hesabu, ni safari elfu nne za pikapu. Hilo nalo likiwa gumu, nisajiliwe mimi. Sisogei. Siongei. Nikiguswa naweza kubomoka. Niwekewe ua na kibao, na mlinzi awe yule yule.

Msalimie Hezron, mlinzi mwenzake baba, anayesinzia akiwa amesimama, na paka anayelala kileleni bila kibali.

Wako mtiifu, anayengoja ua wake,
Velma

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, baba aliingia ukumbini. Kumbe ulishampa siku tatu! Nilisoma insha yote, na ilihusu kilima. Griffins aliuliza, kwa adabu kabisa, kama wageni wanaruhusiwa kukitembelea. Ndipo nikashtuka, nikamnong'oneza baba, "Sasa nani anakiangalia?" Akasema, "Hezron." Tukatazamana.

Mheshimiwa, asante, lakini tafadhali usirudie kumpa ruhusa ovyo namna hii. Nilimfungia chapati nne, nikamsindikiza hadi kwenye basi la Riyadh siku ile ile, nikamwapisha kwamba akifika ataanza kukagua upande wa nyuma.