Mjukuu Wangu Apewe Lenzi Ndefu Zaidi

Kwa Katibu,
Klabu ya Warukao kwa Parachuti,
Kiwanja cha Ndege Ndogo.

Bwana Katibu Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na miguu yako yote miwili ikiwa juu ya ardhi. Uniwie radhi kwa kukuandikia bila kutambulishwa kwako na mtu wa heshima. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba malalamiko yasemwe mapema, kwa upole, na kwa mwandiko unaosomeka. Upole ninao, na mwandiko nimejitahidi. Kuhusu mapema nimechelewa, nami naomba msamaha kabla ya kuendelea.

Mimi ni babu wa yule binti mpiga picha wenu, ambaye ninyi mnamwita Kipanga. Mimi mwenyewe ni mpiga picha mstaafu. Nilikuwa na studio ya chumba kimoja nyuma ya soko, yenye kigoda, kioo, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisitembee, na pazia la mawingu lililochorwa na marehemu mke wangu. Katika chumba kile mteja alikaa, nami nilisimama. Haikutokea hata mara moja mimi na mteja tukaanguka pamoja. Mjukuu wangu alikulia chini ya meza yangu ya kazi, na ni mimi niliyemfundisha kushika kamera. Kwa hiyo, Bwana Katibu, siwezi kukulaumu bila kujilaumu nusu. Nusu iliyobaki, kwa heshima zote, ni yako.

Binti amenieleza kazi yake. Hufunga kamera juu ya kofia ngumu, kisha huruka kutoka katika ndege sambamba na mteja, ambaye naye amefungwa kifuani pa mkufunzi kama mtoto aliyebebwa kinyumenyume. Kwa kuwa lenzi mliyompa ni fupi na huona pana, humlazimu amsogelee mteja kama mtu anayetaka kumnong'oneza siri, na wakati huo wote wanaporomoka kuelekea ardhini. Nimeambiwa kwamba hivyo ndivyo kazi hiyo inavyofanywa duniani kote. Mimi sibishani na dunia. Ninaomba tu kuyaorodhesha yanayonisumbua.

1. Pua za wateja. Lenzi fupi ikisogezwa karibu na uso hukuza kilicho mbele na kukimbiza kilicho nyuma. Pua iko mbele, masikio yako nyuma. Hayo si maoni yangu, ni tabia ya kioo. Mwimbaji mmoja wa besi katika kwaya yetu, mtu mwenye sura ya kuheshimika, aliruka kwenu mwezi uliopita akaletewa picha ambayo pua imefika kabla yake. Mkewe ameitundika jikoni, na anasema tangu siku hiyo paka wa jirani hajarudi. Studioni kwangu nyuso nilizipiga kwa lenzi ndefu kidogo, nikiwa nimerudi nyuma hatua kadhaa, na hata mkusanya ushuru wa soko alitoka akiwa kama mtu anayependwa.

2. Kiatu. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumatano iliyopita binti alirudi nyumbani na uvimbe juu ya jicho, mkubwa kama yai la kuku. Akasema, "Babu, nimejigonga mlangoni." Nikamuuliza ni mlango gani, kwani siku hizi mbinguni wameanza kufunga milango mapema? Ndipo akakiri. Mteja wake, mwuza nyama, mtu wa miraba minne, alipotoka katika ndege aliingiwa na hofu akaanza kukimbia hewani, na kisigino chake kikamkuta mjukuu wangu akiwa umbali wa mkono, akipiga picha. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anayekaa mlango wa pili, anayekula kwetu na kutusema kwetu, alipouona uvimbe ule alishika kiuno akasema, "Haya, leo kipanga kapigwa teke na kuku!" Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikikanda jicho kwa kitambaa cha maji ya moto.

Asubuhi yake akaenda kazini na jicho moja. Nilikaa barazani kama ninavyokaa kila siku, nikitazama vinukta vikishuka upande wa kiwanja chenu, kwa maana kutoka kwangu nyote ni vinukta, wala sijui kipi ni changu. Kila parachuti linapofunguka ninashusha pumzi, halafu ninakumbuka kwamba sina hakika kama ni lake, nami naivuta tena. Daktari ameniambia kwamba hiyo si namna nzuri ya kupumua kwa mtu wa umri wangu.

Kwa hiyo ninaomba apewe lenzi ndefu, hata ya urefu wa kiganja tu, ili akae mbali na kiatu chochote. Mwuza nyama akipenda kukimbia hewani, akimbie mpaka achoke.

3. Shingo. Mjukuu wangu amenipinga, na lazima nikiri kwamba pingamizi lake ni la haki. Anasema lenzi ndefu ni nzito, na parachuti linapofunguka humvuta mtu kwa ghafla, hivyo uzito wote ule kichwani unaweza kumvunja shingo. Isitoshe, kulenga kwa lenzi ndefu kwa kutikisa kichwa ni sawa na kutunga uzi kwenye sindano huku unapiga chafya. Nimekubali. Lakini ukiitazama hoja yake vizuri, utaona kwamba haiipingi lenzi, inakipinga kichwa. Basi kamera iondolewe kichwani. Binti abaki ndani ya ndege, amejifunga mkanda, lenzi ya urefu wa mkono ikiwa magotini pake, awapige wateja wanapoondoka. Najua picha zitaonyesha zaidi utosi, na kwamba waungwana wa rika langu hatuna cha kujivunia upande huo. Lakini mteja mwenye adabu hageuki kuaga anapoondoka? Wakigeuka tu, uso umepatikana.

4. Ndege yenyewe. Niliiona siku mlinzi wenu aliponiruhusu kukaa karibu na uzio. Sina neno baya juu yake, ila mlango wake hufunguliwa ikiwa inakwenda, jambo ambalo hata katika mabasi limekatazwa. Ninaona afadhali binti asipande kabisa. Apewe lenzi ndefu zaidi, ya kimo cha mwanafunzi wa darasa la kwanza, isimamishwe kwa miguu mitatu pembeni mwa kiwanja, naye apewe kiti na kofia ya jua. Tena nimeligundua jambo ambalo ninashangaa wataalamu hawakuliona. Wateja wenu huanguka kifudifudi. Nyuso zao tayari zinatazama chini! Muumba amekwisha kuwaelekeza kwenye kamera, sisi ndio tunaopanda juu kuwafuata kana kwamba tumeitwa.

5. Kiwanja. Hata hivyo nimefikiri zaidi, kwa kuwa usiku mzee hana kazi nyingine. Kiwanja chenu hakina kivuli, vumbi lake ni jingi, na mjukuu wangu anasema chai ya mgahawa wenu ni maji yaliyosimuliwa habari za majani. Ilhali barazani kwangu kuna kivuli, kuna kiti chenye mto, na shemeji anaweza kuleta chai ya kweli bila mtu kukatiza kazi. Kinachotakiwa ni lenzi ndefu ya kutosha kufika kwenu. Nimekwenda kwa fundi bati anayetutengenezea mifereji ya paa, nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, akafuta mikono, akasema, "Mzee wangu, bomba si tatizo. Hata la kutoka hapa mpaka kwa kinyozi nitakukunjia. Tatizo ni kioo." Kinyozi, ambaye hajaombwa maoni, akadakia, "Na ikipatikana, mzee, utaona mpaka madhambi yetu!" Nilimjibu kwamba ya kwake yanaonekana bila lenzi. Bomba litaegemezwa juu ya toroli ili liweze kugeuka. Mteja, nikisema ukweli, atatoka katika picha akiwa na ukubwa wa punje ya mchele. Lakini itakuwa punje iliyotulia, isiyo na pua iliyotangulia, na jamaa zake wanaweza kukabidhiwa picha pamoja na kioo cha kukuzia.

6. Wateja wenyewe. Nilipofika hapa, Bwana Katibu, niliweka kalamu chini nikajiuliza swali ambalo naomba nawe ujiulize. Ikiwa mpiga picha anaweza kukaa barazani akinywa chai, mteja anapanda juu kufuata nini? Yeye pia ana babu mahali fulani. Pazia la marehemu bado ninalo, mawingu yake hayajafifia ila pembeni. Ninajitolea kuifungua tena studio yangu kwa ajili ya klabu yenu. Mteja atafungwa kifuani pa mkufunzi kama kawaida yenu, wote wawili watalala kifudifudi juu ya kigoda, nami nitawasha feni mbele yao ili mashavu yapepee. Kwa kuwa sitaki mtu yeyote akose kazi kwa sababu yangu, rubani ndiye atakayeshika feni. Vijana wanaokunja parachuti watakunja pazia. Mteja atapata picha ya kuanguka bila kuanguka, na mjukuu wangu atakuwa chumba kimoja nami, mahali ambapo naweza kumwona mzima mzima, akiwa na macho yake yote mawili.

Ninaomba Kamati yako iyatafakari haya katika kikao kijacho. Ikiwa nimevuka mipaka, nisamehewe. Nilivuka taratibu, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua ilionekana kuwa ya busara nilipokuwa juu yake.

Naomba unifikishie salamu kwa rubani. Kwa vijana wanaokunja parachuti, ambao ninawaombea kila jioni na ningependa wakunje bila haraka. Kwa dada wa mapokezi, mwenye sauti nzuri ya simu hata anapojibu kwamba hajui lolote. Kwa mlinzi wa lango, aliyenipa kiti siku ile. Na kwa mwuza nyama, akirudi. Mwambieni sina kinyongo naye, ila aje amevaa soksi tu.

Nabaki wako kwa unyenyekevu, shingo ikiniuma kwa kutazama juu,

Babu wa mpiga picha wenu.

N.B. Bahasha itakufikia ikiwa imekunjamana, nami naomba radhi. Nilikuwa nimekwisha kuifunga, nikalazimika kuifungua tena kwa mvuke wa birika.

Jana jioni mjukuu wangu aliingia akaweka picha mezani, mgongo juu, akasema, "Babu, hebu nipe maoni ya fundi." Nikaigeuza. Alikuwa shemeji yangu. Ndiyo, yeye, ambaye alikuwa ametuaga kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa! Yuko angani, amevaa miwani ya plastiki, mashavu yamepanda yakakutana na nyusi, na pengo la jino, ambalo tangu nimjue hulificha kwa kiganja, limeachwa wazi mbele ya ulimwengu mzima. Pua ni kubwa, siwezi kukataa. Lakini kicheko kile ninakijua. Ni cha dada yake. Picha za marehemu ninazo nyingi, zote ametulia vizuri, amefunga mdomo, kama walivyotakiwa kutulia wote waliokaa juu ya kigoda changu. Kicheko chake sikuwahi kuwa nacho katika karatasi. Huko karatasini nilikiona mara ya kwanza jana, katika uso wa mdogo wake, huku kuna ardhi yote chini yake.

Nilimuuliza binti amekipataje. Akajibu, "Nilimsogelea tu, Babu. Alikuwa anapiga kelele mpaka nikafika usoni pake. Aliponiona ni mimi, akaanza kucheka." Shemeji, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote, akasema, "Na wewe shemeji, unangoja nini? Unangoja upelekwe juu na malaika?"

Basi naomba hoja zangu zote, kuanzia pua hadi feni, zifutwe. Nimeandikishwa kuruka Jumamosi hii. Shemeji amesimamia mwenyewe, na amekwisha kuwaambia wanakwaya wote, kwa hiyo sina tena mlango wa kutokea ila ule wa ndege.

Ombi langu limebaki moja. Siku hiyo mjukuu wangu apewe lenzi fupi kuliko zote mlizo nazo. Mimi ni mwoga, Bwana Katibu, na nitakuwa nimefumba macho. Mwambie asogee, asogee tena, mpaka nisikie mkono wake umenishika. Hapo ndipo nitakapoyafumbua.