Chokoleti Iliyogoma Kutoka Kwenye Chupa

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya watu. Nguo ninazo mwilini, msiogope. Heshima ndiyo sijui niiokote wapi.

Ngoja niwaeleze mwenyewe kabla Mama Brayo hajawaeleza. (Mama Brayo ni jirani yangu wa mlango wa pili hapa Makongeni. Akikupa habari, ameshaitia chumvi na pilipili.)

Mama mkwe wangu amekuwa hapa wiki tatu. Anatoka Murang'a, na binti yangu Shiku ndiye aliyepewa jina lake. Ni mama mzuri, sina neno. Lakini jiko si langu tena. Nikikata kitunguu, anakikata upya. Nikipika chapati, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaichunguza pande zote, halafu anauliza kwa upole, "Hizi ndizo Kamau anakula?" Kamau ni mume wangu. Ndiyo, ndizo anakula, na shati la arusi halimtoshi tena. (Hilo sikulisema. Nilisema, "Ndiyo, Mama." Mimi nimelelewa.)

Kinachoniuma hasa si jiko. Miaka sita nimeolewa na mwanawe, na hajawahi kuniita mtoto wake. Mke wa shemeji yangu anaitwa "mtoto wangu" hata kwenye simu. Mimi ni Mama Shiku. Nikikosea, ni "huyu wa Bungoma."

Sasa, kesho asubuhi alikuwa arudi kwake. Na leo alasiri akina mama wa ushirika wa kanisa walikuwa waje kumwombea safari njema. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nitapika kitu ambacho yeye hajawahi kukipika, ili asipate pa kukirekebisha.

Chokoleti ya moto! Si ile ya kijiko kimoja cha kakao kwenye maji. Ile nzito ya mahoteli, ya maziwa matupu, ambayo ukinywa inakuachia masharubu. Na kwa baridi hii ya Julai, nani atakataa?

Nikamwendea. "Mama, leo wewe ni mgeni. Keti tu."

"Na chai itapikwa na nani?"

"Leo si chai, Mama."

"Si chai?"

"Si chai."

"Haya," akasema, akaenda kukaa sebuleni mikono mapajani, kama mtu aliyefutwa kazi. (Nilimhurumia kwa dakika moja. Ya pili nikafunga mlango wa jikoni.)

Simu nikaiegemeza kwenye mkebe wa chumvi, video ikaanza. Maziwa, sawa. Kakao, sawa. Sukari, sawa. Chokoleti nyeusi nilikuwa nimeinunua mjini tangu Jumanne nikaificha kabatini katikati ya mashuka. Nikaikatakata, nikaitia, ikayeyuka. Harufu yake sasa! Nikasikia mama mkwe akikohoa kule sebuleni, kile kikohozi cha mtu mwenye swali.

Kisha dada wa kwenye video akatoa siri. Ukitaka chokoleti yako iwe nzito, akasema, tia konflawa. Vijiko viwili, koroga kwanza na maziwa baridi, halafu mimina.

Konflawa. Mimi ni mtu aliyemaliza fomu foo, Kiingereza kinanijua. Nikalitafsiri lile neno polepole, mbele hadi nyuma. Mahindi. Unga. Unga wa mahindi! Nikacheka peke yangu kwa furaha. Kumbe siri ya mahoteli makubwa iko kwenye pakiti chini ya sinki langu!

(Kwa wale ambao hamjui, kama mimi nilivyokuwa sijui saa nane mchana wa leo: konflawa ni ile poda nyeupe laini, inauzwa kwa kiboksi kidogo, ya kufanya mchuzi uwe mzito. Imetoka kwa mahindi, kweli. Lakini na unga wa ugali hawajuani.)

Nikatia vijiko viwili. Nikangoja nusu dakika. Bado nyepesi. Nikaongeza viwili. Bado. Saa inakimbia, wageni wako njiani. Nikasema liwalo na liwe, nikakoroga kikombe kizima nikamimina.

Hapo ikasikia. Ikaanza kupiga pu, pu, pu. Na hapo, jamani, mkono wangu wenyewe ukanyanyuka ukachukua mwiko. Mtu wa Bungoma, Mluhya aliyelelewa kwa ugali, akisikia unga unachemka hangoji kuambiwa! Nilipogutuka, nilikuwa nimeishika sufuria kwa kitambaa, miguu nimeitanua, nasonga.

Nikaacha haraka. Nikaongeza maziwa, ikalegea, ikamiminika vizuri. Nikaonja. Tamu! Kulikuwa na kitu kidogo kinachokwaruza ulimi, nikajiambia hiyo ni kakao ya bei. Nikajaza chupa mbili za chai, nikakaza vifuniko.

Saa tisa na nusu akina mama saba wakafika, Mama Brayo akiwemo, na mama mchungaji akaanza maombi. Mnajua kwetu hakuna kinachoguswa kabla ya maombi. Nilidhani ni sala fupi ya safari. Lo! Mama mchungaji akaombea barabara. Akaombea dereva, breki na magurudumu yote. Akaombea ng'ombe wa mama mkwe, na yule anayewakamua wakati mwenyewe hayupo. Kila alipokaribia "Amina" alikumbuka mtu. Ilikuwa kama nusu saa hivi. Na mle ndani ya chupa, katika lile joto, unga nao ulikuwa unaendelea na kazi yake.

Amina.

Nikasimama. Na mngedhani ningemimina tu nikae. La! Nikatoa hotuba.

"Wamama, leo sijawapikia chai. Leo mtakunywa chokoleti, ile nzito ya mahoteli makubwa. Nimepika mwenyewe, kwa mikono yangu." Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, kikombe cha kwanza ni chako."

Nikainamisha chupa. Kimya.

Nikainamisha zaidi. Kimya.

"Imeisha?" mama mkwe akauliza.

"Haijaisha, Mama. Inakuja."

Nikaipindua kabisa, mdomo chini. Haikuja. Akina mama saba wamenyoosha shingo. Mimi natabasamu, jasho linanitoka, na ni Julai.

"Mama Shiku, hiyo kitu imekwama wapi?" Mama Brayo akasema. "Igonge matako!"

Nikaigonga matako. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili...

Pwaa!

Bonge zima likatoka kwa pamoja. Kikombe cha mama mkwe kikafunikwa, hata kishikio chake hakionekani. Lililobaki likajaa kwenye trei, likasimama hapo linatetemeka. Na kipande kikaruka, kikatua katikati ya kitambaa cheupe cha kochi, kile alichokifuma mama mkwe mwenyewe kwa sindano yake akatuletea siku ya arusi.

Mama Brayo akainama, akachovya kidole kwenye trei, akalamba. Akafumba macho akifikiria.

"Wamama," akasema, "hii ni ugali."

"Si ugali!" nikaruka. "Ni chokoleti! Ni konflawa tu imezidi!"

"Konflawa gani?"

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikakimbia jikoni, nikaleta pakiti, nikaiinua juu ili wote waone ushahidi. Unga wa ugali. Kilo mbili. Na picha ya hindi mbele, kubwa kuliko kichwa changu.

"Woiye!" Mama Brayo akashika kichwa. "Mluhya amepotezwa na unga! Sasa sisi wengine tutapona aje?"

Kicheko kikalipuka. Mama mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Mwingine akaniuliza kama mboga iko njiani. Mimi nimesimama pale na pakiti yangu mkononi, najaribu kucheka nao, mdomo unakataa. Machozi yalikuwa hapa karibu. Si ya chokoleti. Nilikuwa nimetaka siku moja tu, mbele ya yule mama, niwe mtu anayejua kitu.

Mama mkwe hakuwa amecheka. Akaweka kikombe chini, au tuseme mlima chini.

"Nileteeni kijiko," akasema.

Akaletewa. Akachota, akala. Akachota tena, akala taratibu, nyumba nzima inamtazama. Akapangusa mdomo.

"Mtoto wangu amesimama kwa hiyo jiko tangu saa sita," akasema. "Peke yake. Amenifungia mlango ndio nipumzike. Nani hapa anacheka?"

Mama mchungaji akarudisha miwani machoni.

"Kila mtu achukue kijiko."

Wakachukua! Wanawake saba wa ushirika wakala chokoleti ya moto kwa kijiko, kwa adabu, kama watoto wa shule. Na nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Mama Brayo alimaliza ya kwake akaparuza trei. "Iko poa, Mama Shiku," akaninong'oneza. "Inataka tu mboga ya sukuma kidogo."

Lakini mimi sikuwa namsikia. Mmesikia alivyosema? Mtoto wangu! Mbele ya mashahidi saba! Wageni walipoondoka nikaenda kufua kile kitambaa huku naimba. Nililoweka, nikasugua, sikuhisi hata baridi ya maji.

Mama mkwe akaja akasimama mlangoni.

"Mtoto wangu," akasema tena. (Mara ya pili! Nikaacha kusugua ili niisikie vizuri.)

"Ndiyo, Mama."

"Kesho siendi."

"Mama?"

"Nimepigia yule wa ng'ombe. Akamue mpaka mwezi uishe. Siwezi kuacha mtoto wangu hivi. Hakuna mtu amewahi kukufundisha jiko, na si makosa yako."

Nikasema, "Asante, Mama."

Basi nimepata mama, na darasa la mtoto linaanza kesho saa kumi na moja alfajiri. Atakayecheka, nitamletea chokoleti kwa sahani.