Siku Moja ya Kunuka Pamoja

Jumatatu, 2 Desemba

Tsvetana, mwenzangu wa maabara, amefungua dirisha tena. Jiji zima la Plovdiv limeganda kwa baridi, yeye anafungua dirisha! Akauliza maabara yote nani kala samaki. Nikainamia hadubini. Sijaonja samaki tangu chuo kikuu, wala yai, wala maharage. Haisaidii. Bakteria wa utumboni mwangu wanachachua chakula na kutoa gesi yenye harufu ya samaki. Ini la wengine huizima. Langu huiachia mpaka kwenye jasho. Nayajua haya vizuri, ndiyo kazi yetu. Nani mwingine angewachunguza bakteria hawa kwa hiari?

Mchana Yavor akahamishia kiti chake kona ya mbali. Yavor, mtu pekee anayesoma ripoti zangu mpaka mwisho.

Jumanne, 3 Desemba

Profesa anatafuta wagonjwa wa harufu hii wa kujaribu tiba mpya. Anasema wanaojitokeza hupona aibu kabla ya harufu. Maneno ya mtu anayenukia sabuni. Nijitokeze, Tsvetana apime mkojo wangu? Afadhali kufa.

Nina mpango bora. Ijumaa ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Kila nyumba itaoka samaki. Baba anaitwa Nikola, kwa hiyo ni siku ya jina lake, na siku ya jina haina mwaliko: mlango wazi, anayetaka aje. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Siku moja kwa mwaka nanuka kama taifa zima! Nikamdokeza Yavor tunakoishi, kana kwamba sijali.

Alhamisi, 5 Desemba

Mama alinunua samaki mmoja. Nimeongeza watatu. Akauliza kama nalisha jeshi. Tsvetana naye amesikia, atakuja. Siku ya jina humkatazi hata adui.

Ijumaa, 6 Desemba

Nyumba ilinuka kama bandari. Raha ilioje! Yavor akaja na divai, akaketi kando yangu. Baba akamjazia rakia, pombe yetu kali ya matunda, na kumwita mkwe. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Kula, kijana," Baba akasema. "Samaki huyu ameshakufa, hakung'ati."

Hakula. Nami sikula. Akaona.

Jikoni akaniambia polepole, "Nevena, ile harufu ya maabara ni mimi. Tangu utotoni. Ndiyo maana nilihama, na ndiyo maana namwomba Tsvetana afungue dirisha." Akanitazama. "Wewe hujawahi kuisikia?"

Maneno mawili tu yalihitajika: hata mimi. Yalikuwa yamefika ulimini. Mara Tsvetana akaingia na sahani chafu, nami nikauona mwanya. Harufu imepata mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

"Nimeisikia sana," nikasema, kwa sauti ya kumfikia Tsvetana. "Tulikuwa tunakustahi tu."

Yavor akaweka glasi chini, akamshukuru Mama, akaondoka. Tsvetana akamkimbilia bila koti.

Mama akaniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu. Nikasema amechoka.

Jumatatu, 9 Desemba

Yavor amejitokeza, mgonjwa wa kwanza wa Profesa. Yuko kliniki wiki nzima. Tsvetana ndiye anayempelekea chakula, na nasikia wanakula pamoja, wanacheka.

Leo kiti chake kilikuwa kitupu. Tsvetana akaketi, akanusa, akanigeukia taratibu. Akaenda kufungua dirisha.

Si kitu. Pasaka ni Aprili. Taifa zima litakula na kunuka mayai ya kuchemsha kwa wiki nzima, na Yavor atakuwa amepona. Nitamkaribisha.