Fedha ya Majani ya Mpera

Daktari hakuwa daktari wa kitu chochote, ila koti jeupe lilimkaa vizuri. Siku hiyo aliingia maabara ya chuo akijifanya mkaguzi wa mabomba, akamkuta mhudumu, mama kijana mwenye mtoto mmoja, aliyekuwa akiosha chupa mchana na kusoma jioni. Alikuwa akimimina maji ya majani ya mpera kwenye maji maangavu. Punde yakageuka rangi ya chai.

"Nini hicho, dada?"

"Chumvi ya fedha, kaka. Majani yanaitoa fedha humo, chembe ambazo jicho halizioni. Tunazishikiza kwenye grafini, kaboni nyembamba kuliko utando wa buibui, tunapaka kitambaa cha kuchujia maji. Vijidudu vinakoma. Lakini usiguse bila glavu."

"Glavu ni za waoga," alisema Daktari, ambaye kichwani alishaiuza siri hiyo kwa mwenye kiwanda cha maji ya chupa, kesho saa sita, na kununua viatu.

Alipoondoka, chupa ya chumvi ya fedha iliondoka naye.

Mhudumu alipoona pengo kwenye rafu, alimwita mlinzi wa lango. Mkuu wa maabara angekagua kesho saa nane. Chupa isipokuwepo, kazi imekwenda, na masomo nayo.

"Tumtafute wapi?" aliuliza mlinzi.

"Tusimtafute. Hakuvaa glavu. Jua likimpiga, atakuja mwenyewe."

Asubuhi Daktari alifanya mazoezi ya onyesho lake uani, akimimina chumvi ile kwenye maji ya majani ya mpera, mikono mitupu, jua likiwaka. Saa nne, kucha na viganja vilikuwa vya kahawia. Saa tano, vyeusi kama masizi. Sabuni haikusaidia, ndimu haikusaidia, hata toba haikusaidia, ingawa hiyo aliijaribu kwa muda mfupi tu.

Saa sita alikuwa mlangoni pa maabara, mikono mifukoni.

"Dada yangu, naoza."

"Chupa kwanza."

Aliitoa. Ilikuwa imepungua vijiko viwili.

"Hivyo viwili utavilipa kwa kazi," alisema mhudumu, akimsogezea karai la vyombo vya wiki nzima.

"Nikiosha vyote, rangi hii itatoka?"

"Wewe sugua, kaka."

Saa nane mkuu alikagua rafu, akaridhika. "Na huyu?"

"Kibarua. Tazama mikono yake, mzee. Mchapakazi."

Doa la fedha huondoka lenyewe ngozi ikijibadilisha, wiki mbili hivi, uoshe usioshe. Hilo mhudumu alimwambia jioni, daftari kwapani, akiwahi darasani, Daktari alipofika chupa ya mwisho.